Mtoto wa miaka minne anayeshinda nje akifuata udadisi wake: je, anajifunza ipasavyo?

Mzazi Mdadisi aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mawazo ya walimu wa elimu ya awali, na ya wazazi ambao watoto wao wamepitia njia hii. Mwanangu mdogo ana miaka minne, na shule tunayofikiria kumwandikisha huwaweka watoto nje karibu siku nzima, chini ya miti na kando ya bustani, jua liwake au mvua inyeshe, ilimradi hali ya hewa isiwe ya hatari. Hakuna madawati wala vitabu vya mazoezi. Somo la siku halipangwi na mwalimu peke yake, bali hutokana na jambo lililowavutia watoto wenyewe: leo mchwa, kesho maji yaliyotuama, na wakati mwingine jambo moja hufuatiliwa kwa wiki kadhaa.

Nilipoelezwa hivyo nilipenda, kwa sababu namwona mwanangu anavyochangamka akiwa nje. Hata hivyo, yapo maswali yasiyonipa utulivu. Kusoma na kuhesabu vinaingia wapi katika siku ya namna hiyo? Ikiwa mtoto ndiye anayeongoza, mwalimu anafanya kazi gani? Na zaidi ya yote, dada yake mkubwa alipitia chekechea ya kawaida, akaingia darasa la kwanza akijua kuandika jina lake na kuhesabu hadi 100. Je, huyu mdogo hatabaki nyuma? Sitafuti wa kunitia moyo wala wa kunikatisha tamaa. Nataka kuelewa namna jambo lenyewe linavyofanya kazi.

Mwalimu wa Chekechea alijibu:

Mzazi mwenzetu, naomba nianze na swali lako kuhusu kazi ya mwalimu, kwa kuwa majibu ya hayo mengine yanalitegemea. Nimefundisha watoto wa miaka mitatu hadi sita kwa muda mrefu, kwanza ndani ya darasa na baadaye nje, nami nasema bila kusita kwamba mwalimu anayeufuata udadisi wa mtoto hufanya kazi kubwa kuliko yule anayefuata kitabu, ijapokuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo haionekani kwa mtu anayepita njia.

Kazi huanza kabla watoto hawajafika. Mwalimu huchagua eneo lenye vitu vya kutosha kushikwa, kubebwa, kupangwa na kubomolewa, kisha huwarudisha watoto mahali palepale siku baada ya siku. Wengi hudhani kurudi mahali pamoja ni kukosa ubunifu, kumbe ndiko kunakoibeba njia nzima. Mtoto aliyeuona mti ukiwa na majani, akauona ukipukutisha, akauona ukichipua tena, ana jambo la kulinganisha na la kuuliza; anayepelekwa mahali papya kila juma huishia kushangaa tu, na mshangao peke yake haudumu.

Tuseme mvua imenyesha na watoto wanajaribu kuziba kijito kidogo cha maji kwa mchanga. Ukuta unabomoka. Mmoja analeta mawe, mwenzake anasema maji yanapenya katikati ya mawe, na wa tatu anaanza kukanda udongo pamoja na majani makavu ili kuziba matundu. Mwalimu amechuchumaa karibu nao. Haonyeshi jinsi ukuta unavyojengwa, bali anauliza swali moja tu, kwa mfano, maji sasa yanapita wapi, halafu ananyamaza muda wa kutosha ili wao waangalie. Pembeni anaandika nani alisema nini. Kesho yake, kabla watoto hawajafika, ameweka karibu na kijito kile vyombo vya ukubwa tofauti, vipande vya mianzi na kamba yenye mafundo ya kupimia. Watoto watapima kina, watahesabu vyombo vinavyohitajika kujaza shimo, watabishana kuhusu kipi ni kirefu na kipi ni kipana, na watamshawishi mwenzao kwa maneno badala ya kumsukuma. Hayo yote ni hisabati, lugha na sayansi. Mtoto ndiye aliyeleta jambo, na mwalimu ndiye aliyelipanua. Huo ndio mgawanyo wa kazi unaokusudiwa watu wanaposema mtoto anaongoza.

Kuhusu kuhesabu, nakuomba utofautishe mambo mawili. Kutaja namba hadi 100 kwa mfululizo ni kumbukumbu nzuri, lakini mtoto anaweza kuzitaja zote na bado, ukimwambia akupe kokoto saba, akakukabidhi konzi nzima. Msingi wa hisabati ni kujua kwamba kila kitu huhesabiwa mara moja, kwamba namba ya mwisho kutajwa ndiyo jumla, na kwamba saba hubaki saba hata ukizitawanya. Maarifa haya hukua mtoto anaposhika vitu na kuvigawa kwa sababu ana haja ya kuvigawa, na nje vitu vya namna hiyo haviishi.

Upo pia ushahidi wa kitafiti unaoeleza kwa nini tunachelewa kutoa majibu. Mwaka 2011 Elizabeth Bonawitz, Laura Schulz na wenzao wa Marekani walichapisha jaribio ambalo watoto wa umri wa chekechea walipewa kifaa cha kuchezea chenye mambo kadhaa yaliyofichika ndani yake. Wale walioonyeshwa jambo moja na mtu mzima aliyejitambulisha kuwa anajua kifaa hicho waling'ang'ania jambo hilo moja. Wale ambao hawakufundishwa walikichunguza kwa muda mrefu zaidi na kugundua mengine. Mtoto akifundishwa na mtu anayemwamini, huamini kwamba yote yaliyopo ameshaonyeshwa. Kwa hiyo mwalimu lazima apime wakati wa kuonyesha na wakati wa kusubiri, na hakuna kitabu cha mazoezi kinachoweza kumpimia.

Njia hii haikuanza jana. Friedrich Fröbel, aliyeipa taasisi yake ya watoto kule Ujerumani jina la bustani ya watoto mwaka 1840, alitaka kila mtoto awe na kitalu chake cha kupanda na kutunza. Rachel na Margaret McMillan walifungua shule ya awali ya hewa wazi huko Deptford, London, mwaka 1914, kwa ajili ya watoto wa mitaa maskini. Chekechea za msituni zilianza kushika mizizi Denmark katika miaka ya 1950, na Ujerumani, ambako ya Flensburg ilitambuliwa rasmi mwaka 1993, sasa zipo zaidi ya 1,000.

Mwalimu wa Darasa la Kwanza alijibu:

Naheshimu maelezo ya mwalimu hapo juu na mengi nakubaliana nayo, ila naomba nitie tahadhari, kwa kuwa mimi ndiye ninayewapokea watoto hawa wanapohitimu chekechea.

Watoto waliotoka katika programu nzuri za nje huja na mambo ninayoyatamani kwa kila mwanafunzi: hawakati tamaa haraka kazi inapokuwa ngumu, wanauliza, wanasikilizana, na mikono yao ina nguvu ya kushika kalamu kwa sababu imechimba, imefunga mafundo na imebeba magogo. Lakini nimepokea pia watoto waliotoka mahali ambapo neno "uhuru" lilitumika kufunika kutotayarishwa kwa lolote. Watoto walikimbia, walichoka, wakarudi nyumbani, na hakuna mtu mzima aliyeongeza neno jipya katika msamiati wao tangu asubuhi hadi mchana. Kwa wazazi wanaopita nje ya uzio, shule hizi mbili zinafanana kabisa, na ndiyo maana nasisitiza jambo hili.

Louis Alfieri na wenzake walichapisha mwaka 2011 uchambuzi uliojumuisha tafiti 164 kuhusu kujifunza kwa kugundua. Walikuta kwamba mwanafunzi anayeachwa agundue bila msaada wowote hujifunza kidogo kuliko anayefundishwa waziwazi, ilhali anayegundua huku akipewa msaada wa maswali, mifano na mrejesho huwapita wote. Kwa maneno mengine, mfano wa kijito alioutoa mwalimu una nguvu kwa sababu ya lile swali na vile vyombo vya kesho yake. Ondoa hivyo viwili, nawe umebakiwa na watoto waliolowa tu.

Kuhusu kusoma, lazima tuwe wakweli. Mtoto anaweza kugundua mwenyewe kwamba mti mkavu huelea na jiwe huzama, kwa kuwa dunia yenyewe itamjibu. Hawezi kugundua mwenyewe kwamba alama fulani ya wino inasimama badala ya sauti fulani, kwa sababu hayo ni makubaliano ya watu, na makubaliano ya watu hufundishwa. Kile ambacho shule ya awali ya nje inaweza kukifanya vizuri sana ni kuandaa sikio na ulimi: hadithi zinazosimuliwa kila siku, nyimbo, vitendawili, michezo ya kukata maneno katika silabi kwa kupiga makofi, majina halisi ya ndege, wadudu na sehemu za mmea. Mtoto mwenye maneno mengi huelewa anachokisoma pindi anapojua kusoma.

Na kuhusu kubaki nyuma, lipo jambo linalonipa matumaini. Sebastian Suggate na wenzake, katika utafiti uliofanyika New Zealand na kuchapishwa mwaka 2013, waliwalinganisha watoto walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka 5 na wale walioanza wakiwa na miaka 7. Walipofikia takriban miaka 11, tofauti ya uwezo wa kusoma ilikuwa imetoweka. Angalizo langu ni kwamba walioanza wakiwa na miaka 7 walikuwa wamelelewa katika shule zenye masimulizi na mazungumzo mengi. Kuchelewa kwao kuliambatana na maandalizi, na maandalizi hayo ndiyo mzazi anapaswa kuyadai.

Muuguzi wa Watoto alijibu:

Nitazungumzia upande wa mwili, ambao mara nyingi hutajwa kwa sentensi moja na kuachwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne ajishughulishe kimwili kwa angalau dakika 180 kwa siku, na kati ya hizo angalau 60 ziwe za kukimbia, kuruka, kupanda na shughuli nyingine zinazomfanya aheme. Muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja, na ukipungua ni bora zaidi. Kiasi hicho cha mwendo ni kigumu kufikiwa ndani ya chumba chenye meza, hata mwalimu awe na nia njema kiasi gani.

Macho nayo yananufaika. Huko Guangzhou, nchini China, shule 12 zilishiriki jaribio ambalo baadhi ya wanafunzi wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 yao walikuwa wamepata tatizo la kutoona vizuri vitu vya mbali, ikilinganishwa na asilimia 39.5 ya wale ambao hawakuongezewa muda. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Wale walikuwa wakubwa kidogo kuliko mtoto wa miaka minne, lakini jicho linaloendelea kukua ndilo hilohilo.

Kuhusu tope, ambalo wazazi wengi huniuliza, watafiti wa Finland walifunika sehemu ya viwanja vya vituo vya kulelea watoto kwa udongo na mimea ya msituni, wakawafuatilia watoto wa miaka mitatu hadi mitano kwa siku 28. Aina za vijidudu kwenye ngozi za watoto ziliongezeka, na viashiria vya kinga katika damu vilibadilika kuelekea hali inayohusishwa na udhibiti bora wa kinga. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2020, haukupima kama watoto waliugua mara chache zaidi, kwa hiyo tusiupe uzito usiokuwa wake. Tope halichukui nafasi ya usafi. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kula na baada ya kujisaidia, maji ya kunywa yawepo karibu, kivuli kiwepo wakati wa jua kali, na eneo liwe halina kinyesi cha wanyama wala maji machafu. Mtoto mwenye pumu au mzio awe na dawa zake mahali anapocheza, mkononi mwa mtu aliyefundishwa kuzitumia. Dawa iliyofungiwa ofisini haimsaidii aliye mbali na ofisi.

Mzazi Mdadisi aliandika:

Nawashukuru nyote. Sikutegemea majibu yenye kina kiasi hiki, na hasa nimeelewa kwamba nilikuwa nauliza kuhusu kutokuwepo kwa madawati, wakati nilipaswa kuuliza kuhusu mwalimu. Limebaki jambo la usalama. Nimeelezwa kwamba watoto huruhusiwa kupanda miti na kutumia visu vidogo vya kumenyea magome ya vijiti. Pia eneo lao halina ukuta. Mnalipimaje hilo? Tutakwenda kuitembelea shule, na ningependa kujua niangalie nini.

Baba Mlezi alijibu:

Kabla mwalimu hajajibu, naomba kuongeza jambo moja. Binti yangu anatembea kwa shida na hutumia kiti cha magurudumu kwa umbali mrefu. Shule ya kwanza tuliyoiendea ilituambia kwa upole kwamba msitu si mahali pake. Ya pili ililaza mbao kwenye njia yenye tope, ikainua vitanda vya bustani hadi kimo cha kiti, na ikahakikisha kwamba vitu vya kuchezea, yaani magogo madogo, mbegu, maganda na vitambaa, havikurundikwa mahali asipofika. Anapokaa chini, wenzake hukaa chini pamoja naye. Uliza shule inafanya nini kwa mtoto asiyeweza kupanda mti, hata kama wako anaweza.

Mwalimu wa Chekechea alijibu:

Ndugu yangu Baba Mlezi, umesema neno ambalo walimu wengi wa nje tunahitaji kulisikia.

Mzazi, kuhusu usalama, tunatenganisha hatari ambayo mtoto anaweza kuiona na kuipima mwenyewe na ile asiyoweza kuiona. Urefu wa tawi anauona. Anaweza kuamua leo aishie hapa, kesho apande zaidi. Tawi lililooza lililo juu ya kichwa chake, mzinga wa nyigu ndani ya shina, mmea wenye sumu, au kina cha maji yaliyofunikwa na majani, hayo hayaoni, na ni wajibu wa mtu mzima kuyakagua kila asubuhi kabla ya mtoto yeyote kuingia. Ellen Sandseter, mtafiti wa Norway, mwaka 2007 aliainisha michezo ya uthubutu katika makundi sita: ya kimo, ya mwendo kasi, ya zana zinazoweza kujeruhi, ya kuwa karibu na maji au moto, ya kupigana mweleka kwa mzaha, na ya kujitenga na macho ya watu wazima. Watoto huyatafuta haya yote hata tukiyakataza, na mtoto aliyejifunza kuyapima akiwa na mtu mzima karibu yuko salama kuliko anayeyajaribu mara ya kwanza akiwa peke yake.

Katika utendaji, kwetu hatumbebi mtoto kumweka juu ya mti: kama hawezi kupanda mwenyewe, bado hajawa tayari kushuka mwenyewe. Kisu hutumika mtoto akiwa ameketi, mwalimu mmoja kwa mtoto mmoja, kikielekezwa mbali na mwili, na huhesabiwa kinapotolewa na kinaporudishwa. Mahali pasipo na ukuta, mipaka huwekewa alama za vitambaa ambazo watoto wenyewe wamesaidia kuzifunga, upo mwito ambao wote wameuzoea kurudi wanapousikia, na watoto huhesabiwa kila wanapohama. Radi zina kanuni yake isiyo na mjadala: sekunde kati ya mmweko na ngurumo zikiwa 30 au pungufu, kila mtu anaingia ndani ya jengo imara, na hatutoki mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Shule isiyo na jengo au gari la kukimbilia katika hali hiyo, mimi nisingempeleka mtoto wangu.

Utakapotembelea, kaa pembeni muda mrefu kuliko ule watakaokupangia. Tazama kama walimu wako kwenye kimo cha watoto au wamesimama pamoja wakizungumza wao kwa wao. Sikiliza wanauliza nini na wanasubiri jibu kwa muda gani. Angalia kama kuna watoto wanaozurura peke yao bila mtu kuwagundua, kwa sababu mtoto mwenye haya hupotea kirahisi mahali penye uhuru mwingi. Uliza kila mtu mzima anasimamia watoto wangapi, nani kati yao ana mafunzo ya huduma ya kwanza, na uombe kuona maandishi ya ukaguzi wa eneo wa asubuhi hiyohiyo.

Mwalimu wa Darasa la Kwanza aliongeza:

Naomba niongeze ombi moja kwa orodha ya mwenzangu. Waombe wakuonyeshe kumbukumbu za mtoto mmoja, bila jina lake, kwa kipindi cha miezi kadhaa. Walimu wa New Zealand, ambako mtaala wa awali wa Te Whāriki ulianza mwaka 1996, wana desturi ya kuandika masimulizi mafupi ya kile mtoto alichokifanya, alichokionyesha kukijua, na hatua inayofuata. Usijali kama karatasi ni chafu au mwandiko ni mbaya. Tafuta kama maandishi ya mwezi wa pili yanarejelea ya mwezi wa kwanza, kama kuna mahali mwalimu aliandika atakachoweka siku inayofuata, na kama kweli alikiweka. Ukikuta picha nzuri za watoto wanaotabasamu bila maelezo yoyote, waulize moja kwa moja jinsi wanavyojua kwamba mtoto huyu anasonga mbele.